Pikipiki Isiyosukumwa Ukweni

Tangu niwaachie spana zangu, vijana wa kibanda chetu cha Tuwan hawajanipa amani. Ati niandike. Wanasema nikikaa nyumbani nikiota jua, maarifa yatanivuja kwa masikio mpaka nibaki na kofia tu. Basi naandika. Lakini anayetafuta humu ni lini nilipanda cheo asipoteze wakati wake. Katika kazi yetu ya umeme wa pikipiki cheo ni kimoja: mtu akikwama, wenzake waseme, "Mpelekee fulani." Ukishakuwa huyo fulani umefika. Kilichobaki ni kuzeeka.

Nilianzia Bungoma, kwa Mama Nanjala, ambaye kila mtu alimwita Mama Koili, hata mchungaji wake akimwombea. Alikuwa mjane wa fundi wa redio, na kazi yake ilikuwa kusuka upya zile koili za shaba zinazokaa ndani ya injini na kuzalisha umeme wa pikipiki. Alivua waya ulioungua, akasuka mpya kwa vidole vyake, mzunguko juu ya mzunguko, huku akiimba tenzi, na ubeti ukiisha koili nayo imejaa. Pikipiki zilimjia kutoka Webuye, Malaba na Chwele. Nilisikia kuna moja ilitoka mwezini, ila siku hiyo nilikuwa nimetumwa sokoni.

Siku yangu ya kwanza hakuniruhusu kushika kitu. Alinipa kigoda, akaniambia kazi yangu ni kusalimia wateja na kuwauliza swali moja: nani ameigusa kabla yetu? Nikauliza kutwa nzima. Kufikia jioni nilikuwa nimegundua kwamba katika Bungoma yote hakuna pikipiki iliyowahi kuguswa na binadamu. Kila moja ilikuwa vile ilivyotoka kiwandani, na wenyewe waliapa. Nikampa Mama Koili habari hiyo njema. Akafungua kiti cha ile iliyokuwa mbele yetu. Ndani kulikuwa na waya wa pasi, kamba ya kiatu, na pale penye fyuzi palikuwa na karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imekunjwa vizuri kama barua ya mapenzi.

"Haijaguswa," akasema. "Labda ni malaika."

Kutoka siku hiyo nilijua kwamba ugonjwa wa pikipiki una mama wawili: kifaa kilichochoka, na mkono uliopita ukakana. Wa kwanza unatibika haraka. Wa pili unataka subira, kwa maana kabla hujaitengeneza pikipiki inabidi umtengeneze mwenyewe.

Somo lake la pili lilikuwa la ng'ombe. Alisema umeme unatembea kama ng'ombe: asubuhi anatoka, jioni anarudi boma lile lile kwa njia anayoijua. Asiporudi, usikimbie ovyo msituni ukipiga mbinja. Simama bomani, ufuate njia hatua kwa hatua, na pale utakapokuta kwato zimeisha, hapo ndipo mwizi alipo. Boma ni betri. Koili ni malisho. Katikati kuna lango, yaani rektifaya, inayoupokea umeme wa koili ukiwa na fujo na kuupeleka kwa betri ukiwa na adabu. Anayebadilisha vifaa kabla ya kufuata njia, Mama Koili alimwita mnunuzi, si fundi.

Na alinipa chombo. Ilikuwa balbu ndogo ya indiketa iliyolehemewa waya mbili, moja ina kibanio, nyingine ina sindano ya kushonea. Balbu ikiwaka, umeme umefika. Isipowaka, rudi nyuma. Leo mna mita zenye kioo na tarakimu, na mimi ninayo, lakini ile balbu iko nami bado, na nawaambia imeona siri nyingi kuliko padri.

Somo la tatu sikulielewa wakati ule. Mteja mmoja alitaka kujua kwa nini pikipiki ya jirani yake ililetwa pale. Mama Koili akaendelea na utenzi wake kana kwamba hajasikia. Yule mtu alipochoka akaenda zake, Mama Koili akaniambia, "Mdomo wa fundi ni fyuzi. Heri ukatike kuliko uunguze nyumba ya mtu." Shikeni neno hilo, tutalihitaji mbele.

Nikahamia Kitale kufuata kazi, maana huko bodaboda zilikuwa zimeanza kuzaana kuliko sungura. Na ni Kitale nilipoingia ngumbaru, shule ya watu wazima. Vijana hucheka wakisikia. Lakini jioni, baada ya kunawa grisi, niliketi dawati moja na nyanya mwenye wajukuu, nikiwa na mwalimu wa fizikia aliyekuwa mdogo kuliko shati nililovaa, na nilifaulu mtihani mpaka dawati likashangaa. Huko nikajifunza kwamba yule ng'ombe wa Mama Koili ana jina lingine: saketi. Nilipanda gari kwenda Bungoma kwa ajili ya neno hilo moja. Mama Koili alifurahi sana, akaniambia niliandike kwa chaki kwenye mlango wake. Wateja kwa muda mrefu walidhani ni jina la kifungua mimba wake.

Nikafungua kibanda huko huko Kitale, mtaa wa Tuwan. Nimetibu pikipiki iliyowasha taa ukipiga honi na kupiga honi ukishika breki. Nimetibu nyingine kutoka Suam ambayo mwenyewe alisema ina pepo. Pepo alikuwa panya, na alikuwa amejenga nyumba ya familia ndani ya taa ya mbele, akatumia waya wa indiketa kama kamba ya nguo. Lakini mkiniuliza ni kazi gani nitakayokwenda nayo kaburini nikitabasamu, ni ile ya Wekesa wa Kiminini.

Wekesa alikuja kibandani asubuhi, siku mbili kabla ya harusi yake, akiisukuma pikipiki kutoka barabara kuu. Alikuwa kijana mrefu, mwenye sauti ya upole, na jasho lilikuwa limemlowesha kama aliyebatizwa upya. Akaegemeza pikipiki, akanipa mkono.

"Mzee, shikamoo. Nimeambiwa wewe ndio wa mwisho."

"Wa mwisho kivipi?"

"Nimezunguka kwa mafundi wote. Imebaki wewe na Mungu."

Akanisimulia. Miezi ilikuwa imepita tangu ile pikipiki ianze kula betri. Akilala imejaa, kufikia saa nane mchana imekauka kabisa, na pikipiki za siku hizi hazitoi cheche kwa kiki bila betri. Unaweza kupiga kiki mpaka goti lihamie mguu mwingine. Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili alibadilisha rektifaya. Wa tatu aliitoa koili ikasukwe upya. Wa nne aliweka mikono kichwani, akamwambia ajaribu kuomba. Yote hayo angeyavumilia, lakini kulikuwa na jambo la ukweni.

Msichana wake, Nasimiyu, alitoka upande wa Bungoma, mbele kidogo ya Kanduyi. Siku Wekesa alipokwenda kule mara ya kwanza, alipokelewa vizuri, akala kuku, na wazee wakatoka kwenda kumsindikiza mgeni mwingine. Wekesa naye akasema aende. Akabonyeza stata. Kimya. Akapiga kiki. Kimya. Pikipiki ilikuwa imesimama katikati kabisa ya mlango wa zizi, na ndani ya zizi alikuwepo mama mkwe akikama.

Kwa wasomaji wasiotoka kwetu, mjue kwamba kwa Wabukusu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawakutani njia moja, na mmoja akimwona mwenzake mbele hukata kona kama ameona chui. Ni heshima, na ni heshima kubwa. Sasa mama hakuweza kutoka zizini kwa sababu mkwe amesimama mlangoni. Mkwe hakuweza kuondoka kwa sababu pikipiki haiwaki. Hakuweza kuiacha akimbie, maana angeonekana kama mwizi, na hakuweza kuisukuma peke yake kwa sababu mbele kulikuwa na kilima. Akageuza uso kwenye ua. Mama naye akageuza uso kwenye ng'ombe. Wekesa alisema waliganda hivyo mpaka maziwa yakawa mala, mimi naamini. Wazee waliporudi ndio walioisukuma pikipiki wakiwa na makoti yao mazuri, na baba mkwe alipomaliza kupanguza vumbi alisema maneno ambayo Wekesa aliyajua kwa moyo.

"Siku ya kuchukua msichana, hiyo kitu iwake yenyewe. Ikisukumwa tena hapa kwangu, nitajua nyumba yako pia itakuwa ya kusukumwa. Na msichana wangu atashuka."

"Labda alikuwa anatania," nikasema.

"Mzee, yule hatanii. Hata akicheka hatanii."

Wenzake wa steji ya bodaboda walimwambia aazime pikipiki nyingine. Akakataa. Kuazima pikipiki ya kumchukulia bibi, alisema, ni kama kuazima meno ya kucheka nayo. Na tena baba mkwe alikuwa amesema *hiyo kitu*, akaionyesha kwa fimbo.

Nikaketi kwenye kigoda, nikauliza swali langu la siku ya kwanza. Nani ameigusa?

"Wale mafundi tu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi? Mimi hata balbu siwezi kubadilisha."

Alijibu haraka, na macho yake yakapita kwenye tangi la mafuta kama mtu anayepita mbele ya nyumba ya anayemjua. Nikaliweka jambo hilo mfukoni.

Nikaanza bomani. Mita juu ya betri, injini imezimwa: betri si mgonjwa, ana njaa. Nikamwazima nguvu kutoka betri yangu, injini ikawaka, nikamwambia Wekesa aikoroge, avute mafuta. Betri inayolishwa lazima tarakimu zipande injini ikinguruma, kama vile mtoto anavyoinua kichwa akisikia kijiko. Hizi hazikupanda. Zilishuka pole pole. Basi ng'ombe hawafiki nyumbani.

Nikaenda malishoni. Nikachomoa plagi ya koili, nikapima: umeme upo, mwingi, wenye afya. Nikatazama ile koili, nikatambua namna waya ulivyolala. Ilikuwa kazi ya Mama Koili, bado anasuka, na nikaona raha kama nimekutana na mwandiko wa mzazi. Koili haina kosa. Nikaenda langoni. Nikapima pale umeme unapotokea kwenye rektifaya: upo, umejaa, unasukumana. Malisho mazuri, lango zuri, boma tupu. Kwa hiyo mwizi anaishi kwenye waya mmoja mwekundu, kati ya rektifaya na betri. Waya wenyewe haukuzidi urefu wa mkono, lakini mwanzo niliuona na mwisho niliuona, na katikati ulikuwa umezama chini ya tangi, umefungwa tepu nyeusi kama mguu uliovunjika.

"Tutoe tangi," nikasema.

"Chini ya tangi hakuna kitu, mzee."

"Sijasema kuna kitu."

"Nakuambia tu. Hakuna."

Akaweka kiganja juu ya tangi. Sasa vijana, hapa ndipo ninapowataka mnisikilize. Ningeweza kubishana. Ningeweza kumwambia akaombe kama fundi wa nne alivyomwambia. Badala yake nilichukua kipande cha waya, nikakishikiza upande mmoja kwenye mdomo wa rektifaya na upande wa pili kwenye betri, nikaupita ule waya wake kwa juu kama daraja. Nikamwambia aikoroge tena na atazame mita mwenyewe.

Tarakimu zikapanda. Zikapanda vizuri, zikafika pale zinapotakiwa zikatulia. Wekesa akafungua mdomo. Nikatoa daraja, zikashuka. Nikarudisha, zikapanda. Nilifanya hivyo mara kadhaa kwa sababu nilikuwa naburudika.

"Kijana," nikamwambia, "mafundi wanne wamekubadilishia kila kitu isipokuwa jina. Ugonjwa uko chini ya mkono wako. Mimi naweza kuacha daraja hili hapa, uende. Lakini limening'inia, likikatika njiani utakuwa kwa mama mkwe. Niambie nini kiko hapo."

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Kulikuwa na mama anayeuza mandazi, akamsubiri apite. Ndipo akainama, akaninong'oneza sikioni kama anayekiri kuua.

"Ni swichi ya wezi."

Wa nje wanaweza kucheka, lakini huku kwetu hilo si jambo la kucheka. Pikipiki zilikuwa zikiibwa kama mahindi mabichi. Kila mwendesha boda akaficha swichi yake mahali fulani kwenye mwili wa pikipiki, ndogo, ya kukata umeme, ili mwizi akiwa na ufunguo au bila ufunguo abonyeze mpaka achoke. Na steji ya Kiminini ilikuwa na sheria iliyoshikwa kuliko katiba: huambii mtu. Huambii mwenzako wa steji, huambii ndugu yako, huambii bibi, na zaidi ya wote huambii fundi, maana fundi ana wateja wengi. Ndio maana Wekesa aliifunga mwenyewe, kwa swichi ya ile taa ya kando ya kitanda, akiwa amejificha nyuma ya choo.

"Na kwa nini hukuwaambia wale waliokuwa wanatafuta ugonjwa?"

"Mzee, swichi inakata umeme wa kuwashia. Si pikipiki inawaka? Kama inawaka, swichi ni nzima. Mambo ya betri inaingiliana wapi?"

Nikamtazama kwa upendo. Ilikuwa hoja safi, imenyooka, haina tundu. Ilikosa kitu kimoja tu: kuwa kweli.

Nikatoa tangi. Swichi ilikuwa pale, imepasuka ubavuni, ndani imeungua nyeusi kama sufuria ya matanga. Wekesa alikuwa amekata waya usio wenyewe. Badala ya waya wa kuwashia, alikata ule mwekundu wa kulisha betri. Umeme wote wa kulisha betri ukawa unapita ndani ya kiswichi cha kusomea Biblia kitandani. Kilistahimili kwa muda, kikachoka, kikaungua, njia ikafungwa. Lakini nje bado kilikuwa kinabonyea, tik, tik, kama kizima.

"Lakini niliijaribu," akasema. "Niliwasha, nikabonyeza, injini ikazima. Naapa."

Nikamuuliza betri siku ile ilikuwa vipi. Akafikiri. Akakumbuka ilikuwa ile betri ya zamani, imekufa, na pikipiki ilikuwa imewashwa kwa kusukumwa. Basi. Injini ilikuwa inaishi kwa umeme wa koili peke yake, na alipoukata, ikazima. Angeijaribu kesho yake akiwa na betri mpya, isingezima hata angebonyeza mpaka Pasaka. Nikamwonyesha. Nikaunga swichi nyingine nzima mahali pale pale, nikawasha kwa betri yangu iliyojaa, nikabonyeza. Injini ikaendelea kunguruma bila wasiwasi.

Wekesa akakaa chini kwenye tairi.

"Sasa mwizi angeichukua."

"Angeichukua vizuri kabisa. Angefika Suam mpakani bila taa, ndiyo hasara yake."

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili kila nikiegesha nabonyeza hiyo kitu. Hata kanisani. Natoka kwa ibada katikati nikijiuliza kama nimebonyeza."

Halafu akaanza kucheka. Alicheka polepole, kisha kwa nguvu, mpaka mama wa mandazi akarudi kuona kuna nini, na sote wawili tukakaza uso tukasema hakuna kitu.

Nikaung'oa ule waya mzima, nikaweka mpya mnene, nikalehemu na kufunika maungio. Betri ikaanza kula. Kisha Wekesa akaomba nimwekee swichi ya kweli, mahali pa kweli, kwenye waya wa kuwashia. Nikamwonyesha waya, na tukachagua pamoja pa kuificha. Si chini ya tangi. Zaidi ya hapo sitasema, na wale vijana wa Tuwan wanaosoma haya wakitabasamu wanaweza kufuta tabasamu. Nilimwambia kwamba sasa tunaijua wawili, na mdomo wangu ni fyuzi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema lazima nije harusini, nivae koti kubwa, na mita iwe ndani ya koti.

Nikaenda. Mita kifuani, na ile balbu ya Mama Koili mfuko wa pili, kama mtu anayekwenda vitani na babu yake. Steji nzima ya Kiminini ilikuwa imekuja, pikipiki zimefungwa riboni na majani, taa zinawaka mchana, honi zinashindana mpaka ng'ombe wa Kanduyi wakaacha kutafuna. Pikipiki ya Wekesa iliingia mbele, inang'aa, ikaegeshwa pale pale karibu na zizi. Nadhani baba mkwe ndiye aliyechagua mahali. Wekesa akashuka, akapitisha mkono mahali fulani haraka, akaenda kuketi na wazee.

Tulikula. Tulikula mpaka mimi nikaogopa kwa ajili ya vifungo vya koti. Hotuba zilikuwa nyingi, na mjomba mmoja alianza na Adamu. Mama mkwe alikuwa mbali, nyuma ya wanawake, leso imefunika nusu ya uso. Kisha ukaja wakati wa kuondoka. Nasimiyu akatoka na gauni lake jeupe, akakaa upande upande nyuma ya Wekesa, dada zake wakamkunjia gauni lisishike mnyororo. Baba mkwe akasogea na fimbo yake, akasimama mbele. Watu wakanyamaza, maana habari ya ile siku ya zizi ilikuwa imeshatembea vijiji vyote. Wanaume wawili wenye utani walikuwa tayari wamekunja mikono ya mashati nyuma ya pikipiki.

Wekesa akabonyeza stata. Ikazunguka kwa nguvu za fahali. Haikushika.

Akabonyeza tena. Ikazunguka, haikushika.

Mimi nilijua papo hapo. Stata inazunguka namna ile, betri imeshiba. Njia iko wazi, ila mlango mmoja mdogo umefungwa, na aliyeufunga ni yeye. Kwa miaka miwili alikuwa na swichi ambayo ukisahau kuifungua, pikipiki inawaka tu. Vidole vyake vilikuwa vimejifunza kuifunga. Kuifungua havikuwahi kulazimika. Na sasa kwa mara ya kwanza ilikuwa inafanya kazi yake, inamzuia mwizi, na mwizi ni bwana harusi.

Nilikuwa nimesimama karibu, ningeweza kusema neno moja tu. Lakini steji nzima ilikuwa pale na masikio yake yote, na nilikuwa nimeapa. Nikakohoa. Wekesa hakunitazama, jasho lilikuwa limeanza, na alikuwa amekodolea macho ule mlango wa zizi. Nikakohoa tena, kikohozi cha mtu wa kulazwa, mpaka mama mmoja akaniletea maji. Wale wawili wenye utani wakaweka mikono kwenye pikipiki. Baba mkwe akainua fimbo.

"Ngojeni," akasema Nasimiyu. "Gauni langu limeshika."

Akainama. Halikuwa limeshika, nililiona. Mkono wake ulio na pete mpya ukapita chini ya kitambaa cheupe, ukaenda moja kwa moja, bila kupapasa, mpaka mahali ambapo sitasema. Akajinyoosha, akamshika Wekesa kiunoni.

"Sasa," akamwambia. "Twende."

Ikawaka kwa mguso. Honi za Kiminini zikalia zote pamoja, wanawake wakapiga vigelegele, na wale wawili waliokuwa wakisubiri kusukuma wakabaki wamenyoosha mikono hewani kama wanaopokea baraka. Pikipiki ikapita mbele ya zizi ikapanda kile kilima bila kuguswa na mtu. Huko nyuma leso ilikuwa imeshuka kidogo, na nilimwona mama mkwe akicheka.

Baba mkwe alinikuta bado na glasi ya maji. Akaniuliza kama mimi ndiye fundi. Nikakubali. Akataka kujua ilikuwa imeshikwa na nini pale mwanzo.

"Gauni, mzee," nikamwambia.

Akatazama kule kilimani, ambako vumbi lilikuwa linatulia.

"Basi," akasema, "nyumba hiyo ina watu wawili."